Mwalimu wa Jiografia na Njia Iliyokatika

Kaka yangu mkubwa yu hai, ana watoto sita na kitambi, na mji wetu wa Mutsamudu mzima unasema uhai huo alipewa na mwalimu wangu wa jiografia. Mwalimu huyo nilimjua miaka kumi na zaidi. Ningeulizwa mapema nichague nani aje kumwokoa mtoto wa mama yangu, ningemtaja kwanza mbuzi wa jirani, halafu mbuzi wa jirani wa pili, na yeye ningemfikia jioni, nikiwa nimechoka. Jina lake sitaliandika hapa. Mwenyewe alilitaja vya kutosha.

Nianze na baiskeli, maana yeye kila jambo alilianza na baiskeli. Ilikuwa ya mashindano, ya Kifaransa, ya buluu, gia kumi, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Katika Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, siku zile mamluki walikuwa wamekwisha kujifanya wenye nyumba. Wazungu wa kukodiwa walipita barabarani katika magari ya wazi, nguo nyeusi, bunduki magotini, na watu wakajifunza kutazama ukuta. Lakini alipopita mwalimu, watu waligeuza shingo. Alivaa kaptula iliyombana kama ganda la muhogo, na viatu vyenye chuma chini. Siku ya Ijumaa, akivivua penye ngazi za msikiti mkongwe, mlio wake ulisikika mpaka mji wa jirani wa Itsandra. Nimetia chumvi, lakini si nyingi.

Mtu angedhani mwenye chombo kama kile anapanda vilima. Hapandi. Kisiwa chetu cha Ngazidja, penye Moroni, ni kilima kimoja kikubwa chenye moto ndani, na chetu cha Nzwani, nilikozaliwa, ni vilima vilivyogombania nafasi. Usipopanda hufiki popote. Yeye alifika. Jumapili alfajiri aliilaza baiskeli juu ya lori la ndizi linaloelekea Mvuni, akaketi mbele na dereva, akapelekwa hadi msitu unapoanza, kule kwenye ukungu na miti yenye ndevu. Saa tatu alikuwa anashuka mjini, kengele ikilia, breki zikinuka moto. Kabla ya nyumba ya kwanza alisimama, akatoa chupa, akajimwagia maji kifuani na kwapani, kisha akaingia anahema. Jumapili moja alibeba chupa isiyo yenyewe. Aliingia Badjanani, mtaa wa kale wa mji, ananuka siki ya achari, na bado aliwaambia watu ni jasho.

Vichochoro vya Badjanani, anayevijua anajua: watu wawili wenye sinia wakikutana, mmoja lazima arudi kwao. Baiskeli haina pa kupita. Basi huko ndani aliibeba begani, usukani ukinasa shiromani, nguo za kujitanda, za wanawake waliokwenda zao. Wavuvi waliokaa wakishona nyavu walimngojea kila Jumapili.

"Mwalimu, leo nani kampanda mwenzake?" mmoja aliuliza.

Naye akajibu bila kusimama kwamba kilima ni maoni tu. Huo ulikuwa msemo wake mkuu. Alikuwa na mwingine, alioupenda zaidi: ramani haikosei, ardhi ndiyo iliyokosea.

Nilikutana naye shule ya jioni. Mchana nilikuwa karani wa ghala bandarini. Baada ya magharibi nilikuwa mwanafunzi, pamoja na makuli, washona nguo, na askari forodha mmoja aliyelala kila kipindi na akafaulu kutuzidi sote. Mwalimu alituita watu wa taa. Alisema watu wa mchana wana akili na watu wa taa wana nia, na nia haiwezi kutofautisha rasi na ghuba. Alipochora visiwa ubaoni, Moroni peke yake ilijaza nusu, na Mutsamudu yangu ikawa kinundu cha chaki. Nilipolalamika alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mchuzi ulioungua, akasema kipimo cha ramani ni heshima.

Nitasema na la haki, maana nina cheti ukutani na cheti kile kilipita mikononi mwake. Hakukosa kipindi ila siku moja, nayo nitaifikia. Umeme ulipokatika, na ulikatika mara nyingi kuliko ulivyowaka, alivua shali yake, akaitandaza mezani, akaikunja kwa vidole: hapa mwinuko, hapa bonde, hapa maji yatashuka, hapa barabara itazunguka. Kuli mwenye mikono kama makasia akaipapasa gizani na kuelewa mistari ya mwinuko katika dakika moja. Nami hadi leo nikitazama kilima naona shali. Elimu yote niliyo nayo juu ya kupanda, nimeipata kwa mtu asiyepanda.

Basi, haki imetosha.

Kwa mamluki alikuwa mtu mwingine. Sisi tulitazama ukuta. Yeye alishuka baiskeli, akavua kofia, akainama mpaka kaptula ikalalamika. Alisema Kifaransa chenye vifungo vyote vimefungwa. Wao walimwita Profesa Baiskeli, wakicheka, na yeye alirudi darasani kutusimulia kwamba amepewa cheo. Kulikuwa na kapiteni mmoja, shingo nyekundu, aliyeletewa baiskeli yake kwa ndege, na huyo kweli alikuwa anajua kunyonga baiskeli. Mwalimu akajitolea kumwongoza Jumapili barabara ya pwani ya kaskazini. Alipofika Itsandra, kapiteni alikuwa ameogelea, amekauka, amekula samaki, na amelala usingizi mfupi. Mwalimu alimweleza kuwa yeye huchunguza mandhari.

Ilisemekana hoteli kubwa zitajengwa, na watalii watakuja kwa maelfu na baiskeli zao wakitafuta misitu. Hoteli itahitaji mkuu wa njia. Cheo hicho mwalimu alikuwa ameshakivaa kichwani; kilichobaki ni mtu wa kumpa. Akaandika kijitabu cha njia za baiskeli za Ngazidja na Nzwani, kurasa arubaini, zilizopigwa chapa na kuchorwa kwa mkono, na nakala ya kwanza akampelekea kapiteni, imefungwa utepe.

Sisi watu wa taa tulikipitisha mkono kwa mkono, na mimi Mnzwani ndiye niliyeanza kucheka. Ili ucheke nami lazima ujue desturi yetu. Visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mama na wajomba wanaijenga jiwe kwa jiwe tangu binti anatambaa, na mume huingia na sanduku lake. Akiachana na mke, hutoka na sanduku lake. Mwalimu alikuwa ameoa Moroni, ameoa Itsandra, na enzi alizofanya kazi ya ukaguzi wa shule Nzwani alioa Mutsamudu, Wani, na kijiji kimoja cha milimani. Si wote kwa pamoja, alikuwa mtu wa sheria. Sasa soma kijitabu. Kila njia inayoishia kwa mke aliyekuwa bado anampikia ilichorwa nyoofu, tambarare, yenye kivuli na chemchemi. Njia ya kwa mke aliyemwacha ilikuwa na mawe, mbwa, na upepo wa mbele. Alikuwa amechora tumbo lake akaliita nchi.

Ya kijiji cha milimani ndiyo ilikuwa hodari. Ukitoka Mutsamudu unafuata pwani hadi Wani, unapita kiwanja cha ndege, unaanza kupanda kona kwa kona katika mikarafuu na mashamba ya langilangi, hewa inanuka kama chumba cha bibi harusi. Juu kabisa, msitu unapokaza, kuna njia panda. Kushoto unateremka Bambao. Kulia unapanda kijijini. Penye mkono wa kulia aliandika kwa wino mwekundu: njia imekatika, genge, hatari ya kufa.

Njia ile haikukatika hata siku moja. Lori la kubeba maua ya langilangi lilipanda kila wiki likiwa na dereva mwenye jicho moja. Nilijua, kwa sababu mama mkwe wake wa kule alinyonya ziwa moja na mama yangu, na kilichomtoa mwalimu kule ilikuwa hadithi ya nyumbani kwetu, tukiisimulia kila Idi.

Ilikuwa hivi. Alikaa ugani mbele ya wazee, akatoa chombo cha kupimia, akatangaza kuwa nyumba ya mkewe imeinama nyuzi saba. Nyumba ambayo bibi yule, mama mkwe, aliijenga miaka kumi na minane, kwa kuuza maua debe kwa debe. Bibi aliinuka. Aliingia ndani, akatoa sanduku, akaliweka njiani. Kisha akaitoa baiskeli, akaielekeza Bambao, akaiachia. Wanaapa kule kwamba ilichukua kona tatu zote bila mtu, vizuri kuliko ilivyowahi kuchukua na mtu. Mwalimu aliifuata kwa miguu, sanduku kichwani. Hakurudi tena, na katika kijitabu chake akakikata kijiji kile na dunia.

Sasa kaka. Kaka alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja Mutsamudu, mtu mpole, asiyeweza kumfukuza kuku. Lakini alipiga chapa karatasi zilizouliza kwa nini nchi yetu inalindwa na watu wanaolipwa kutulinda dhidi yetu. Mtu akasema. Wenzake wawili walichukuliwa, na mmoja wao alirudishwa kwao bila kucha. Kaka alitoroka na kanzu aliyovaa, akapanda milimani kwa ndugu wa kunyonya wa mama, bibi yule yule, na akalala katika chumba kile kile kilichoinama nyuzi saba. Mimi Moroni niliarifiwa kwa neno la mdomo. Kuanzia siku hiyo nilihesabu magunia ya mchele ghalani bila kujua nimehesabu mangapi.

Jioni moja mwalimu hakuja darasani. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Tuliambiwa kapiteni amempeleka Nzwani kwa ndege, na kijitabu chake mkononi. Walikuwa wamesikia kwamba mtoro yuko juu, katika vijiji vya msituni, na askari waliochukuliwa Moroni walikuwa vijana wa Ngazidja wasiojua mawe ya Nzwani. Nilikaa kwenye dawati nikitazama ubao mtupu. Yeye alimjua kaka, na undugu wa mama yetu na mama mkwe wake aliujua. Kaka alikuwa amekuja mpaka darasani kunitembelea, na mwalimu alimshika mkono.

Yaliyotokea njia panda tuliyapata kwa mwanamke wa kijijini aliyekuwa ameketi hapo na mzigo wake wa kuni. Gari mbili zilisimama. Kapiteni akafungua kijitabu juu ya boneti. Akatazama maandishi mekundu, akatazama njia, akaona alama za matairi ya lori mbichi kabisa kwenye tope. Akamwita mwalimu kutoka kiti cha nyuma. Akamwuliza kwa Kifaransa, kisha mmoja wa askari akarudia kwa lugha yetu ili wote wasikie: njia hii imekatika au haikukatika?

Mwanamke anasema mwalimu aliitazama ile njia muda wa kusoma Fatiha. Halafu akasema, "Imekatika."

Kapiteni akamgeukia mwanamke wa kuni. Naye, aliyeshuka kwa njia ile asubuhi hiyo, akasema ikiwa mwalimu mzima ameandika, yeye ni nani wa kubisha. Gari zikateremka Bambao. Walipekua huko siku mbili, wakapata bangi ya mtu mwingine. Kaka alivushwa usiku wa tatu kwenda Mayote ndani ya ngalawa, na alirudi pale tu mamluki walipofungasha.

Kwa hiyo mwalimu akawa shujaa. Mimi ndiye niliyebaki na mfupa kooni. Yeye alirudi darasani. Mtu aliyesimulia kila pancha aliyowahi kuziba, safari hii alifundisha jangwa la Sahara wiki tatu mfululizo, akaturudishia madaftari, wala hakunitazama. Nilifikiri: pengine huu ndio ukubwa wake, pengine nilimcheka mtu nisiyemjua. Wazo hilo lilinisumbua kuliko siki.

Mwaka wa pili baada ya wazungu wale kuondoka, kaka alikuja Moroni na kitambaa cha joho, cha thamani, na neno moja tu: nipeleke nikambusu mwalimu mkono. Nikamwambia apumzike kwanza, nitatangulia kuona kama mzee yupo. Nilitaka kujua kabla ya kaka kujua. Nilimkuta Badjanani baada ya alasiri, barazani kwa mke wake wa kwanza, miguu imevimba, akipangusa mnyororo wa baiskeli kwa kitambaa. Kaptula ilikuwa imeshindwa; alikuwa amevaa kikoi. Nikamwamkia kwa heshima ya kwetu, kwezi, naye akaitikia mbona, akanionesha pa kukaa.

Sikuzunguka. Nikamwuliza kama siku ile alijua kaka yangu yuko juu.

"Nilijua," alisema.

"Na njia ulijua ni nzima."

"Nzima. Lori la langilangi linapita."

Nikamwambia kwamba basi yale wanayosema watu ni kweli, alimficha, nami nilikuwa mjinga. Hapo angeweza kuinamisha kichwa tu na kuyapokea. Nilikuwa nimeshamwandalia, nimemwekea mezani, abaki kula tu. Aliendelea kupangusa mnyororo.

"Wewe mtu wa taa, sikiliza," alisema. "Mle garini mlikuwa na vijana wanane, wote wa mitaa hii. Nimewafundisha watatu. Kapiteni ananiuliza mbele yao kama nilichoandika ni kweli. Ningesema nini? Kwamba nimeichora nchi hivyo kwa sababu mwanamke alinitolea sanduku njiani? Wangecheka mpaka leo. Nikasema imekatika."

Nikamwuliza: na kama kapiteni angemwuliza kando, wawili tu?

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akitafuta neno dogo.

"Ile kazi niliitaka," alisema. "Ningemwambia."

Nimemdharau mtu huyu kwa miaka mingi na kwa furaha, na dharau ile ilikuwa nyepesi, ya kubebwa mkono mmoja. Sasa ilikuwa nzito na sikujua pa kuiweka. Kaka yangu alikuwa hai kwa sababu mtu mmoja aliona aibu ya mama mkwe ni kubwa kuliko kucha za mtu. Nikafikiri nisimame niondoke bila kuaga. Akanishika kikoi.

"Mwambie kaka yako asije," alisema. "Sema nimekwenda Itsandra."

Lakini kaka hakuwa amepumzika. Alikuwa ameulizia njia kwa wavuvi, nao wamemleta mpaka pembeni mwa kichochoro, na huyo anakuja, joho mkononi, kitambi mbele, macho yamejaa maji. Mwalimu alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Akauficha mkono wa kulia chini ya kitambaa chenye mafuta, akanitazama mimi. Kaka alikuwa ameshapiga magoti penye jiwe la baraza, amenyoosha viganja, anangoja. Wavuvi wawili walisimama nyuma yake. Mke wa mwalimu alitokea mlangoni.

"Mpe mkono, Mwalimu," nikasema.

Akautoa, mweusi kwa mafuta ya mnyororo, na kaka akaubusu nje na ndani.